Muulize Fundi: Vumbi Litolewe, Lisisukumwe Ndani

Barua nyingi za safari hii zinalia kilio kimoja: kompyuta mpakato inachemka, inavuma, inazimika yenyewe. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu jambo lililotajwa humo naliona mezani kwangu mara kwa mara, na linaua feni ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Waandishi nimewataja kwa shughuli zao tu.

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaandika tasnifu na laptopu yangu ina miaka minne. Siku hizi feni inavuma tangu ninapowasha mpaka ninapozima, na upande wa kushoto wa kibodi panachoma. Rafiki yangu alileta kopo la hewa akapuliza kwa nguvu kupitia matundu ya ubavuni. Vumbi kidogo likatoka, ikatulia, lakini haikuchukua muda kelele zikarudi, na sasa feni inakwaruza. Je, imekufa? Ninunue nyingine? (Mwanafunzi wa chuo kikuu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, inaelekea feni yako ni nzima, ila inagusana na vumbi ambalo rafiki yako amelirudisha ndani bila kujua.

Ifuate njia ya hewa utaelewa. Feni ya kompyuta mpakato hunyonya hewa kupitia matundu ya chini, kisha huitupa kwa ubavu wake. Mbele ya mdomo wa feni kuna mapezi, yaani vibati vyembamba vya shaba au alumini vilivyopangwa wima, vikiwa vimeachana nafasi ndogo sana. Joto la prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, huletwa kwenye mapezi hayo na bomba bapa la shaba. Ndani ya bomba hilo mna maji kidogo ambayo hugeuka mvuke upande wa moto, yakafika upande wa mapezi, yakapoa na kurudi. Hewa ya feni ikipenya kati ya mapezi inalibeba joto na kutoka nalo nje.

Sasa, vumbi linaloingia humo si udongo mtupu. Kuna nyuzi za nguo, nywele, manyoya ya paka kama unafuga. Nyuzi ndizo zinazoanza ubaya: mmoja unalala mlalo kwenye mapezi mawili, mwingine unajisokota juu yake, kisha chembe ndogo zinaziba mianya iliyobaki. Mwisho wake unapata kipande kizima kilichoshikamana kama blanketi, kimekaa katikati ya feni na mapezi. Hapo ndipo penye tabu yote. Ukimulika tochi kwa nje unaona mapezi yanang'aa, unasema pasafi. Upande wa pili yameziba kabisa. Mashine inahisi joto, inaiamuru feni izunguke zaidi, feni inapiga kelele, hewa haina pa kutokea.

Weka kiganja kwenye tundu la kutokea hewa. Ikiwa kelele ni nyingi na upepo ni haba, jibu unalo.

Rafiki yako alipopuliza kutoka nje alilibandua lile blanketi na kulisukuma kwenye feni. Vipande vyake ndivyo vinavyogusa mapanga ya feni na kukwaruza. Ile nafuu ya muda mfupi ilikuja kwa sababu mapezi yalipata mwanya. Vumbi lenyewe halikuondoka, lilihama tu. Kwa hiyo sharti ufungue.

Kabla ya kufungua, nakili tasnifu yako mahali pengine, leo hii. Fungua pia Meneja wa Kazi (Task Manager ya Windows) uangalie kama kuna programu inayoikamua prosesa hata pale usipofanya kitu, maana programu iliyokwama nayo huivumisha feni, na hiyo dawa yake si brashi. Kama dhamana ya mashine haijaisha, soma masharti yake. Kisha tafuta mwongozo wa matengenezo wa modeli yako hasa. Lenovo, Dell na HP huiweka miongozo hiyo bure kwenye tovuti zao, na inaonyesha kila skrubu ilipo. Nusu saa ya kuusoma inakuepusha na kuvunja kifuniko.

Zima kompyuta kabisa, usiiache usingizini (sleep) tu. Chomoa chaja. Igeuze juu ya kitambaa laini. Tumia bisibisi inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu; nyingi zinataka ya msalaba saizi PH0 au PH00, nyingine zina kichwa cha nyota. Mimi huchora umbo la mashine kwenye karatasi nene, na kila skrubu ninayoitoa naichomeka pale pale inapostahili kwenye mchoro. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu skrubu hazilingani urefu. Ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inaweza kutokeza upande wa pili ikatoboa kitu. Zikiisha zote na kifuniko bado kimeshika, usikivute kwa nguvu: bandua vimiguu vya mpira, mara nyingi kuna skrubu nyingine chini yake. Kisha pitisha kadi ya plastiki pembezoni, vishikizo vifunguke kimoja kimoja.

Cha kwanza kuchomoa ndani ni betri. Shika plagi yake, si nyaya. Ukishaichomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi ili umeme uliosalia uishe, na uguse kitu cha chuma kuondoa umeme tuli mwilini mwako. Ukiona betri imetuna, kazi iishie hapo. Usiibonyeze, usiitoboe, mpelekee fundi aibadilishe kwanza.

Feni yenyewe hushikwa na skrubu mbili au tatu na plagi ndogo ya waya. Baadhi ya modeli feni imeunganishwa na bomba la shaba, na hapo itabidi usome jibu la barua inayofuata kabla hujaendelea. Lakini kama inatoka peke yake, inyanyue taratibu, na hapo utaliona lile blanketi la kijivu limesimama wima kwenye mapezi. Usilipulize! Chukua kibano, shika kona moja, vuta polepole kufuata urefu. Likiwa limekomaa hutoka lote kwa mkupuo mmoja, na ukiligeuza utaona mistari ya mapezi imejichapa juu yake, mmoja baada ya mwingine. Kila mara naonyesha kipande hicho kwa mwenye kompyuta, kwa sababu watu wengi hawaamini kwamba kitu kidogo kiasi hicho ndicho kilichokuwa kinaizima mashine yao.

Baada ya hapo pitisha brashi laini na kavu kwenye mapezi kwa kuelekea wima, kama yalivyopangwa. Ukipitisha mlalo utayapinda. Sasa unaweza kutumia hewa, na safari hii puliza kutoka nje kuja ndani, kwa kuwa feni haipo tena njiani na vumbi linaangukia mahali unapoweza kulifuta. Kopo la hewa lishikwe wima. Likiinamishwa hutoa gesi yake ikiwa bado majimaji, ya baridi kali, badala ya hewa. Gesi ya makopo mengi inashika moto, kwa hiyo puliza mashine ikiwa imezimwa na uache dakika chache itawanyike kabla ya kuwasha.

Feni nayo ishughulikie ikiwa mkononi. Kila panga lina pande mbili, na ule upande wa ndani ndio unaoganda uchafu. Brashi inatosha kwa vumbi kavu. Lililogandamana lifute kwa kijiti cha pamba kilichopata alkoholi ya isopropili kidogo tu, pasipo kulowesha kitovu cha feni. Kama utaipuliza, zuia mapanga kwa kidole au kijiti cha meno yasizunguke. Hewa ya kopo huizungusha feni kwa kasi ambayo haikuundiwa, na beringi yake ndogo inalika. Tena ikiwa bado imechomekwa kwenye bodi kuu ya kompyuta, mota inayozungushwa na upepo hugeuka jenereta na kurudisha umeme kule usikotakiwa. Rafiki yako alipopuliza bila shaka alifurahia ile sauti ya feni kuzunguka kwa kasi. Sauti hiyo ndiyo ya kuogopa.

Rudisha feni, chomeka plagi yake mpaka ikae sawa, betri iwe ya mwisho. Ukiwasha na ukaona ujumbe wa hitilafu ya feni, kama zinavyofanya ThinkPad za Lenovo, basi ile plagi ndogo haijaingia vizuri. Zima, chomoa betri tena, iangalie.

SWALI: Habari ya kazi, fundi. Nimesafisha feni na mapezi mpaka yanang'aa. Upepo unatoka mwingi, lakini ni wa baridi tu, na kompyuta bado inachemka na kukwama nikifungua faili kubwa. Nimekosea wapi? (Mhasibu)

JIBU: Njema, ndugu yangu. Hujakosea, na hilo la upepo baridi umefanya vyema kulitaja kwa kuwa ndilo linalotoa jibu. Mashine inayochemka ikatoa upepo baridi maana yake joto halifiki kwenye mapezi. Limekwama kwenye prosesa.

Kati ya prosesa na bati la shaba linaloikalia kuna pesti ya kupitisha joto. Kazi yake ni kujaza mianya midogo isiyoonekana kwa macho, kwa sababu hewa ikibaki humo huzuia joto. Baada ya miaka pesti hukauka na kupasuka. Au bati lenyewe limelegea kwa kuwa skrubu hazikukazwa sawasawa. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 95 mpaka 100 za Selsiasi ili zisiungue, na huko kukwama unakokuona huenda ndiko huko.

Kubadilisha pesti si kazi ngumu, ila haitaki papara. Skrubu za bati hilo mara nyingi zimeandikwa namba. Zikaze kwa kufuata namba, kidogo kidogo kwa kupokezana, na unapofungua anzia namba kubwa ukirudi nyuma. Kama hazina namba, kwenda kwa mshazari kunatosha. Ukikaza moja mpaka mwisho huku nyingine ziko huru, bati linainama upande mmoja na prosesa inaweza kupasuka ukingoni. Pesti ya zamani ifute kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Mpya iwe tone dogo katikati, likigandamizwa litajitandaza lenyewe.

Tahadhari mbili. Kwenye chipu za kumbukumbu kuna vipande laini vya mpira vinavyopitisha joto. Hivyo usivibadilishe kwa pesti, kwani nafasi ya hapo ni kubwa na pesti haitafika. Ya pili: ukifungua ukakuta kitu kinachong'aa kama zebaki, hiyo ni metali ya majimaji, inatumika kwenye baadhi ya kompyuta za michezo. Inapitisha umeme. Funga umpelekee mtu anayeijua.

SWALI: Dada fundi, mimi ni fundi cherehani. Laptopu naiweka pembeni ya cherehani ili nione michoro ya mishono. Kila baada ya miezi michache inavuma, inapelekwa kusafishwa, inarudi. Nimewaza kuifunika matundu ya chini kwa kipande cha soksi ya nailoni ili nyuzi zisipite. Inafaa? (Mshonaji)

JIBU: Dada yangu, wewe unafanya kazi katikati ya kile kile kinachoziba mapezi. Nyuzi za vitambaa ni adui mbaya kuliko udongo, kwa sababu zinashikana. Wazo lako nalielewa, lakini soksi nitakukataza. Feni hizi hazina nguvu ya kuvuta hewa kupitia kitambaa, hata kile chepesi. Siku ya kwanza itapita, nyuzi zitajaa kwenye soksi, nawe kwa kuwa iko chini hutaiona. Utakuwa umelihamishia blanketi nje ya mashine tu, na joto litabaki lile lile.

Inua kompyuta. Iweke juu ya stendi au rafu, juu ya usawa wa meza ya kushonea, mbali na pale unapokatia, na upande wa kunyonya hewa usielekee cherehani. Nyuzi nyingi huangukia mezani na sakafuni, kwa hiyo hata kuinua kiasi cha shubiri mbili kunasaidia. Usiiweke kamwe juu ya kitambaa unachokishona, maana inanyonya kutoka hapo hapo. Ukimaliza kukata, futa meza kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kupangusa kwa mkono. Na kwa kazi yako, kusafisha kila miezi mitatu au minne ni jambo la kawaida; anayeandika ofisini anaweza kukaa mwaka mzima au zaidi. Jifunze kufungua mwenyewe. Mikono inayotunga uzi kwenye sindano haiwezi kushindwa na skrubu hizi.

SWALI: Jirani yangu ana kompresa ya kujazia matairi upepo. Na nyumbani tuna mashine ya kufyonza vumbi. Ipi bora? (Dereva)

JIBU: Kompresa hapana. Hewa yake ina unyevu uliogandamizwa pamoja nayo, wakati mwingine na mafuta, na nguvu yake inaweza kung'oa panga la feni. Ya kufyonza vumbi usiipeleke mdomo wake kwenye bodi, kwa kuwa vumbi linalopita kwenye bomba la plastiki huzalisha umeme tuli unaoweza kuua chipu. Inafaa kwa kazi moja: ishike mbali kidogo huku ukipiga brashi kwa mkono mwingine, inyonye vumbi linalopaa. Hapo ni msaada mkubwa, hasa kwa mwenye pumu.

SWALI: Fundi, feni yangu nimeisafisha vizuri lakini bado inakwaruza, zaidi asubuhi. Kaka yangu anasema niitie mafuta ya kupikia. (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu, mafuta ya kupikia yatashika vumbi, yatageuka gundi, na feni itakwama. Acha.

Kwanza hakikisha hakuna waya unaogusa mapanga. Baada ya kufungwa vibaya hilo hutokea mno. Kisha, feni ikiwa nje, shika kitovu chake kwa vidole viwili ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza kwa namna unayoihisi, beringi imelika. Mlio wa asubuhi unaopungua mashine ikipata moto nao ni dalili ya beringi iliyokauka. Wapo wanaotia tone la mafuta mepesi ya mashine kwenye kitovu, na kelele hunyamaza kwa muda. Mimi kwa kompyuta unayoitegemea kazini nashauri ubadilishe feni, kwa kuwa siku itakayogoma hutakuwa umejiandaa.

Nunua kwa namba iliyoandikwa kwenye lebo ya feni yenyewe, si kwa jina la kompyuta tu. Linganisha volti, idadi ya nyaya kwenye plagi, na mahali matundu ya skrubu yalipo. Mashine yenye feni mbili, ya kushoto na ya kulia hazifanani, kwa hiyo zitazame zote kabla hujaagiza.

SWALI: Nimefungua MacBook Air yangu ya M1 kutafuta feni nisafishe, sijaiona. Imeibwa? (Mpigapicha)

JIBU: Haikuibwa. MacBook Air tangu zile zenye chipu ya M1 zilizotoka mwishoni mwa 2020 hazina feni. Joto linatawanywa na kipande cha chuma. Funga, kazi yako imekwisha.

SWALI: Fundi, mimi ni mzee, macho na mikono si kama zamani. Kompyuta yangu inavuma sana. Kufungua siwezi, na naogopa kumwachia mtu vitu vyangu. Nifanyeje? (Mstaafu)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Usihangaike na bisibisi. Kwa kuanzia iondoe kitandani au kwenye mto kama ndipo unapoitumia, iweke juu ya kitu kigumu, maana kitambaa huziba matundu ya chini na kelele huanza hapo hapo. Ikiwa baada ya hapo bado inavuma, shika karatasi laini mbele ya tundu la kutokea hewa. Isipopepea vizuri, mapezi yameziba na inahitaji mtu wa kuifungua.

Ukienda kwa fundi, mwombe afungue mbele yako. Kwa modeli nyingi ni kazi ya muda mfupi, na fundi mzuri hatakasirika. Mwulize maswali haya: je, utaitoa feni au utapuliza kwa nje tu? Akisema kwa nje tu, mshukuru uondoke. Je, utachomoa betri kwanza? Ajibu ndiyo bila kusita. Akimaliza, akuonyeshe vumbi alilotoa.

Kuhusu vitu vyako, nywila yako usimpe. Kusafisha feni hakuihitaji. Akishafunga, ataiwasha mpaka kwenye ukurasa wa kuingilia, hapo tayari feni inasikika na upepo unapimwa kwa kiganja. Ukitaka ijaribiwe zaidi, andika nywila mwenyewe, fungua video uiache icheze dakika kumi huku umeketi hapo hapo.